Kusikiliza ni Kazi ya Kufundishwa



Katika kurasa hizi umezoea kusoma habari za miche, za uchumaji na za bei. Mara hii twaandika juu ya kazi nyingine, nayo ni kazi ya kuzungumza na mtu aliyepatwa na taabu. Huenda ukasema, "Jambo hili lina nini cha kufundishwa, nasi sote twazungumza tangu utotoni?" Hilo ndilo swali tutakalolijibu. Wako madaktari na wauguzi wa nchi ya mbali waliojiona kuwa hawajui kuzungumza na watu wanaowatibu. Wakajifunza upya kwa muda wa miaka 3, na katika kujifunza huko hospitali yao nzima ikageuka.

Kwanza tuanze nyumbani. Mwandishi wa maneno haya aliwahi kuwamo katika kamati ya tawi moja, ambalo halina haja ya kutajwa. Mwanachama mmoja alikuwa haonekani tena mikutanoni, na karafuu zake zilikuwa zikiharibika mtini bila ya kuchumwa. Kamati ilikaa ikamzungumza kwa muda wa saa mbili. Mmoja alisema ni mvivu, wa pili akasema amezama katika madeni, wa tatu akasema amekorofishana na ndugu zake juu ya shamba. Mwisho ikaandikwa barua ya kumwonya. Barua ilipofika, aliyeipokea ni mkewe. Akaja nayo mpaka kwa mwenyekiti, akasema, "Mzee, bwana huyu halali usiku tangu Mfungo Tatu. Yuasikia watu wanamwita, nasi hatuwaoni. Mngekuja kuuliza, tungekuambieni."

Katika kamati ile hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya. Lakini sote tulimzungumza, wala hapana hata mmoja aliyezungumza naye. Tofauti ya mambo hayo mawili, kumzungumza mtu na kuzungumza naye, ndiyo habari yetu yote ya leo.

HOSPITALI YA KEROPUDAS

Nchi ya Ufini iko kaskazini kabisa mwa Ulaya. Huko juu, mpakani na Uswidi, pana mji mdogo uitwao Tornio. Wakati wa baridi kali jua huonekana saa chache tu kisha hutua, na theluji hukaa juu ya ardhi miezi mingi. Hapo ndipo ilipokuwa Hospitali ya Keropudas, ambayo kazi yake ilikuwa kutibu wagonjwa wa akili wa Lapland ya Magharibi, sehemu iliyokuwa na watu wapatao 70,000 katika miaka ya 1990.

Zamani desturi ya hospitali hiyo ilikuwa kama ya hospitali nyingi. Mgonjwa akiletwa, wakubwa hukaa peke yao chumbani, husoma karatasi zake, hupanga atibiwe vipi, kisha ndipo yeye na jamaa zake huitwa kuambiwa yaliyokwisha kukatwa. Katika mji wa Turku, nchi hiyo hiyo, Profesa Yrjö Alanen alikuwa amekwisha kufundisha kwamba matibabu yapimwe kwa haja ya kila mgonjwa, na kwamba jamaa zake washirikishwe tangu mwanzo. Watu wa Keropudas waliishika njia hiyo, wakaendelea mbele zaidi. Miongoni mwao walikuwamo Bwana Jaakko Seikkula, mtaalamu wa saikolojia, na daktari Bibi Birgitta Alakare. Mwaka 1984 walikata shauri kwamba mambo ya mgonjwa hayatapangwa tena faraghani. Kila mkutano unaomhusu, mwenyewe awepo, na jamaa zake pia wawepo.

Karibu na wakati huo, mwaka 1985, jambo la namna hiyo lilitokea Tromsø, katika nchi ya Norwei. Daktari Tom Andersen na wenzake walikuwa wakitibu jamaa kwa desturi ya siku zile. Mtaalamu mmoja hukaa na jamaa chumbani, na wenzake hukaa nyuma ya kioo ambacho wao waona nacho lakini wao hawaonekani. Siku moja mazungumzo yalikwama, na jamaa wale wakazidi kukata tamaa. Ndipo wataalamu wakawauliza kama wangependa kusikiliza mazungumzo ya upande wa pili wa kioo. Taa za chumba kimoja zikazimwa, za chumba cha pili zikawashwa, na sasa jamaa wakawa ndio wanaotazama na kusikiliza. Wataalamu wakatambua jambo moja papo hapo. Maneno waliyozoea kuyasema nyuma ya kioo hayasemeki tena. Ukijua kwamba mama wa mgonjwa yuakusikia, huwezi kumtaja kwa dharau, sharti utafute neno jingine. Na ukilitafuta neno jingine, huishia kumwona mtu yule kwa namna nyingine.

MKUTANO UNAVYOFANYWA

Njia ya Keropudas ilikuja kuitwa Mazungumzo ya Wazi, jina lililoanza kutumika mwaka 1995. Misingi yake ni 7, nayo ni hii:

1. Msaada uje upesi. Mkutano wa kwanza hufanywa kabla ya kupita saa 24 tangu taabu kuarifiwa.

2. Waitwe wanaohusika wote. Aliyepiga simu huulizwa, "Ni nani mwingine anayejua habari hii? Ni nani awezaye kusaidia?" Basi huja jamaa, rafiki, jirani, hata mkubwa wa kazini akitakiwa.

3. Mkutano ufuate haja ya mwenye taabu. Mara nyingi hufanywa nyumbani kwake, na idadi ya mikutano hutegemea hali yake.

4. Aliyeitwa kwanza ndiye mwenye dhima. Mfanyakazi yeyote aliyepokea habari sharti ahakikishe kwamba mkutano umefanyika. Hana ruhusa ya kusema, "Hii si kazi yangu, jaribu ofisi nyingine."

5. Watu wawe wale wale. Wafanyakazi wawili au watatu walioanza na mgonjwa huendelea naye muda wote, akiwa nyumbani au akiwa amelazwa.

6. Wastahimili kutojua. Wasiharakishe kutoa hukumu kwa sababu tu ya kutaka kuonekana wana jibu.

7. Mazungumzo yenyewe ndiyo kazi. Kwanza kila mtu asikiwe na ajibiwe, kisha mabadiliko yatafuata.

Msingi wa 6 ndio ulio mgumu kuliko yote, na mkulima wa karafuu aweza kuufahamu upesi. Karafuu isiyokauka ikitiwa guniani huota ukungu, hata kama mwenyewe alikuwa na haraka kubwa ya kuuza. Na uamuzi juu ya mtu huwa hivyo. Ukifungwa mbichi, huoza ndani, na siku utakapofunguliwa ndipo hasara itakapojulikana. Watu wa Keropudas walijizoeza kukutana hata kila siku katika siku za mwanzo za taabu, ili jamaa wasiachwe peke yao na khofu, lakini uamuzi wenyewe wauache ukauke. Ikiwa mtu yumo hatarini, hapo hapana kungoja. Lakini mambo mengi mengine hayana haraka hiyo.

Dawa nazo huzungumzwa hadharani. Madaktari wakihitilafiana, husemezana wao kwa wao mbele ya mgonjwa na jamaa zake, na hao huulizwa wameonaje. Hapana kutoka nje na kurudi na neno moja tu.

WALIVYOFUNDISHWA

Sasa twafika penye kiini cha habari. Kukata shauri kwamba mgonjwa awepo ni kazi ya siku moja. Kujua useme naye nini ni kazi ya miaka. Mtu akizoea kutoa amri faraghani, ukimtoa hadharani atatoa amri zile zile hadharani. Tena katika mkutano wenye daktari na wauguzi, daktari husema, wauguzi wakaandika, na jamaa wakaitikia. Huo una watu wengi, lakini anayesema ni mmoja.

Kwa hiyo mwaka 1989 walianzisha mafunzo ya miaka 3, ambayo wafanyakazi waliyafuata huku wakiendelea na kazi zao. Jambo la kuangalia ni kwamba mafunzo hayakuwa ya madaktari peke yao. Wauguzi, wataalamu wa saikolojia, watu wa ustawi wa jamii na madaktari walikaa darasa moja, wakajifunza kitu kimoja. Muuguzi aliyesoma pamoja na daktari huwa na uwezo wa kumwambia mkutanoni, "Mimi naona vingine." Bila ya hilo, misingi yote 7 ingebaki katika karatasi.

Je, walijifunza nini? Tutataja mambo machache.

La kwanza ni kujibu kwa maneno ya msemaji mwenyewe. Tuseme kijana mmoja asema mkutanoni, "Redio yanitaja jina." Hii si habari ya mtu fulani, ni mfano tu wa kufahamisha. Asiyefunzwa atamwambia, "Redio haikutaji, hayo ni maradhi yako," na kijana atanyamaza, na pengine hatasema tena. Aliyefunzwa atasema, "Redio yakutaja jina. Ikikutaja husema nini? Nawe huwa wapi?" Kijana ajibu, "Huwa nimekaa kitini kwa baba." Hapo mama yake, ambaye tangu kuja hakufungua kinywa, asema, "Redio ile ilikuwa ya marehemu babake. Tangu tulipomzika hatujalitaja jina lake humu ndani." Hapana aliyepona kwa maneno hayo. Lakini jambo lililokuwa halisemeki limesemwa, na waliolisikia ni wale wale watakaokaa na kijana huyo baada ya wafanyakazi kuondoka.

La pili ni kunyamaza. Mwanafunzi hufundishwa asikimbilie kuziba kimya kwa swali jipya, maana anayetafuta neno zito huhitaji nafasi.

La tatu ni kuuliza maswali yasiyobeba jibu lake ndani. Mkutano huanza kwa kuwauliza watu fikira ya kukutana imetoka wapi, na wao wenyewe wangependa kuutumia vipi wakati huo. Kila mmoja hupewa nafasi ya kujibu, na yule aliye kinyume na mkutano wenyewe hupewa nafasi kama wengine.

La nne ni kuzungumza wao kwa wao mbele ya watu, kwa namna aliyoionyesha Tom Andersen. Husema waliyoyasikia na yaliyowagusa, bila ya kutoa hukumu, kisha jamaa huulizwa wao wanasemaje.

La tano huwashangaza wengi. Kila mwanafunzi hutakiwa aangalie habari za jamaa zake mwenyewe, jinsi watu wa nyumbani kwao walivyokuwa wakizungumza, wakigombana na kunyamaziana. Sababu yake ni wazi. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya makelele huenda akakiogopa kimya, na aliyelelewa katika kimya huenda akaogopa machozi ya mtu. Asipojijua, atawakatiza watu bila ya kutambua.

Mafunzo hayo hayakuwa ya kitabuni tu. Wanafunzi walifanya mikutano ya kweli na watu wa kweli, na walimu wao wakiwapo au wakiiangalia kazi yao baadaye. Wakarudia tena na tena, kama fundi anayemfunza kijana wake kwa kumpa mbao mkononi.

MATOKEO YAKE

Mwaka 2006 Bwana Seikkula na wenzake walitoa hesabu ya watu waliopatwa na maradhi makubwa ya akili kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1990, wakatibiwa kwa njia hiyo. Baada ya miaka 5, watu 82 katika kila 100 hawakuwa tena na dalili za maradhi hayo, na 86 katika kila 100 walikuwa wamerudi masomoni, au kazini, au wanatafuta kazi. Walio wengi hawakutumia dawa kali za maradhi hayo wakati wowote.

Yataka hadhari katika kuzisoma hesabu hizi. Watu waliohesabiwa hawakutimia 50, wala hawakugawanywa kwa bahati nasibu ili kulinganishwa na wengine waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Wataalamu walioipima habari yote mwaka 2019 walisema kwamba ushahidi bado ni dhaifu na majaribio bora yanahitajika. Ndiyo sababu katika Uingereza yalianzishwa majaribio makubwa ya kulinganisha njia hizo mbili, na kwanza wakafundishwa wafanyakazi wa kuyafanya. Huko waliingizwa darasani hata watu waliowahi kuugua wenyewe, wakafanya kazi bega kwa bega na wauguzi. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, liliitaja huduma ya Lapland kuwa mmoja wa mifano mizuri. Tena tunasema kwa nguvu: mtu yeyote anayetumia dawa za daktari asiziache kwa kusoma maneno haya. Azungumze na daktari wake.

OFISI NAZO HUJIFUNZA

Mabadiliko hayo hayawi ya mfanyakazi mmoja. Ukimfunza mtu kusikiliza, kisha ukamrudisha katika ofisi ambayo mambo yote hukatwa na mkubwa mlango ukiwa umefungwa, baada ya miezi michache atakuwa kama alivyokuwa. Ili watu wale wale waendelee na mgonjwa tangu nyumbani mpaka wodini, sharti zamu za kazi zipangwe upya. Ili muuguzi aweze kuitisha mkutano, sharti mkubwa wake akubali kwamba si kila jambo lipitie kwake.

Bwana Tom Erik Arnkil wa Ufini aliyaangalia mambo hayo katika kazi za ustawi wa jamii. Aliona kwamba jamaa mmoja aweza kuwa na ofisi nyingi zinazomvuta, shule huku, hospitali huku, na kila ofisi yataka nyingine ndiyo ibadilike. Yeye na wenzake wakawafunza wafanyakazi njia mbili. Njia ya kwanza ni kutaja wasiwasi wako mwenyewe badala ya kutaja kosa la mwenzio. Mwalimu asimwambie mzazi, "Mtoto wako ana matata." Aseme, "Mimi nina wasiwasi kwamba sijui kumsaidia mtoto huyu, nami nahitaji msaada wako." Maneno ya kwanza huleta ugomvi, na ya pili huleta shauri.

Njia ya pili ni ya mkutano wa watu wengi. Kila mtu hutakiwa afikiri kwamba mwaka mmoja umekwisha kupita na mambo yamekuwa mazuri, kisha huulizwa kama ni jana tu. Nini kinakufurahisha sasa? Wewe ulifanya nini kuleta hali hii, na ni nani aliyekusaidia? Ulikuwa na wasiwasi gani, na nini kilichoupunguza? Mmoja wa waongozaji huuliza, wa pili huandika, na mtu mmoja husema huku wengine wakisikiliza bila ya kumkatiza. Jamaa wenyewe husema kwanza, ndipo watu wa ofisi. Mwisho hupangwa ni nani atafanya nini na nani, na lini.

MFANO ULIO KARIBU NASI

Mwanachama aweza kusema, "Hayo ni mambo ya nchi yenye madaktari wengi." Basi tutazame Zimbabwe, ambako madaktari wa maradhi ya akili ni wachache mno. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kazi Mbare, katika mji wa Harare, na akina bibi 14. Waliwekwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na kazi yao ni kuzungumza na wenye dhiki. Njia yao si ile ya Keropudas, kwani wao husaidia mtu kuchagua tatizo moja na kulitafutia ufumbuzi wake mwenyewe. Lakini nao walifundishwa kwanza, na waliangaliwa katika kazi yao, na walilolifundishwa zaidi ni kutokimbilia kutoa nasaha. Wala hawakutumia majina ya kigeni ya maradhi. Walitumia neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Majaribio yaliyofanywa katika zahanati 24 za Harare na kutolewa mwaka 2016, ya watu 573, yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa benchini walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hata Zanzibar.

YA KUTENDA SISI

Chama chetu si hospitali, wala hatuwezi kwa ukurasa mmoja kufanya kazi iliyowachukua watu miaka 3. Lakini kila tawi laweza kuanza na mambo matatu. Mambo ya mwanachama yasikatwe naye hayupo, na akishindwa kuja, waende wawili kwake. Mwenye habari ya taabu ya mwenzake asiirushe kwa mwingine, ila ahakikishe kwamba kuna mtu amekwenda. Na katika mkutano, kabla ya kujibu, turudie kwanza tuliyoyasikia, tumuulize mwenyewe kama ndiyo aliyoyasema.

Ama yule mwanachama wetu, barua ile ilirudishwa, na watu wawili wakaenda nyumbani kwake jioni wakakaa barazani. Hakupona kwa mazungumzo ya siku ile. Alipelekwa hospitali, akakaa huko siku nyingi, na karafuu za msimu ule zilipotea. Msimu uliofuata alikuja mkutanoni mwenyewe, akakaa nyuma. Mwenyekiti alipomuuliza kama ana neno, alisema analo, nasi tukangoja mpaka akalisema.